Jawabu kwa Wakili Aliyechoka

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

SWALI

Alinijia mtu mmoja hapa Mbinga baada ya sala ya Isha, akaketi nami katika baraza ya msikiti hata watu wote wakaondoka. Ni wakili, wala si wakili wa jana. Amesimama mbele ya mahakimu kwa zaidi ya miaka 20, na ndevu zake zimeingia mvi kama zangu. Jina lake silitaji, kwa kuwa mazungumzo ya usiku ule ni amana.

Akaniambia: “Maalim, nimechoka. Sisemi uchovu wa safari, maana huo dawa yake ni usingizi. Mimi nalala, na nikiamka nimechoka vile vile. Zamani mjane akilia mbele yangu, nami moyo ulinilia. Sasa namtazama tu, nangoja amalize. Faili nikilishika naliona zito kama jiwe. Na kila asubuhi nawakuta watu sita, saba, wameketi nje ya ofisi yangu. Huyu ametoka Lituhi, huyu Liuli, huyu vijiji vya milimani, na wengine wamelala njiani. Nikimwambia mmoja wao kuwa siwezi, atakwenda wapi? Basi nataka unijibu kwa sharia: nikimkataa mtu aliyedhulumiwa, nami najua kumtetea, je, napata dhambi?”

Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba muhula, maana swali lake lina pande mbili, na kila upande una haki za watu. Jawabu nililompa baada ya siku chache ndilo hili, naye ameniruhusu kulipiga chapa. Nimeona lina faida kwa mawakili wengine walio katika hali yake, na kwa mahakimu, na kwa walimu, na khasa kwa sisi tunaokwenda kuwagongea milango.

UCHOVU HUU NI NINI

Kwanza yatupasa tulijue jambo lenyewe, kwani atoaye fatwa juu ya kitu asichokijua hupotea na kupoteza wengine. Wako watakaosema kuwa huu ni uvivu uliovaa kanzu ya maradhi. Sivyo. Mvivu huikimbia kazi tangu mwanzo. Huyu ameikumbatia kazi hata ikamla.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliueleza uchovu wa namna hii katika orodha yake ya maradhi na mambo yanayohusu afya. Halikuuhesabu kuwa maradhi yenyewe, bali hali itokanayo na taabu ya kazi iliyodumu pasina kutengenezwa. Likataja alama zake 3: nguvu kumwishia mtu, moyo wake kujitenga na kazi yake au kuidharau, na kazi yenyewe kupungua ufanisi. Basi yarudie maneno ya wakili yule, ewe msomaji, utaziona mbili za kwanza mara moja. Na ile ya tatu utaiona mbele, katika khabari ya mjane.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 2021 jumuiya ya kimataifa ya mawakili iliyo na makao yake London ilitoa khabari za uchunguzi uliowauliza wanasheria zaidi ya 3,000 wa nchi mbalimbali. Na wastani wa siha ya nafsi zao ulikuwa chini ya kile kipimo ambacho mtu akikishukia hushauriwa aangaliwe zaidi. Mwaka huo huo Shirika la Afya na Shirika la Kazi Duniani yalionyesha kuwa afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa juma, akilinganishwa na afanyaye saa 35 hadi 40, khatari yake ya kupatwa na kiharusi huzidi kwa asilimia 35, na khatari ya kufa kwa maradhi ya moyo huzidi kwa asilimia 17.

Utauliza: mbona basi uchovu huu humshika mzoefu, ilhali yeye ndiye ajuaye kazi? Ni kwa sababu hiyo hiyo ya kuijua. Kijana hupewa shauri jepesi. Mzoefu huletewa yale yaliyowashinda wengine. Jina lake likishajulikana, jina hilo humwongezea mzigo kila mwaka. Na nchi yetu hii ina umbali wake. Kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ni kadiri ya kilomita 66, na Mahakama Kuu iko Songea, kadiri ya kilomita 100 upande wa pili. Leo wakili yu mbele ya baraza la ardhi, kesho yuko pwani ya ziwa, kesho kutwa anatakiwa Songea. Na jioni, watu wanapofunga milango, yeye ndipo anapofungua mafaili ya kesho. Kisha uzoefu wenyewe humdanganya. Kwa kuwa mkono wake umezoea, hudhani kuwa mkono utaendelea kufanya kazi hata moyo ukiwa haupo.

Mvuvi wa usipa katika Ziwa Nyasa alijua hili kabla yetu. Taa yake ikiisha nguvu katikati ya usiku, mtumbwi upo, wavu upo, mikono ipo, lakini samaki hawaji. Na mzoefu aliyechoka ndivyo alivyo: elimu ipo, joho lipo, ulimi upo, na kile kilichokuwa kikivivuta vyote pamoja kimefifia.

HUKUMU YA KADHI ALIYESHUGHULIKA MOYO

Ama katika sharia yetu, jambo hili limezungumzwa tangu zamani katika mlango wa ukadhi.

Sahaba Abu Bakra (r.a.) alikuwa na mwanawe aliyekuwa kadhi katika nchi ya Sijistan. Akampelekea waraka kumwonya asihukumu baina ya watu wawili hali ana hasira, akamkumbusha kuwa amemsikia Mtume (s.a.w.) akilikataza jambo hilo. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi hawakusimama kwenye neno hasira. Waliuliza sababu ya katazo, wakaona kuwa hasira huishughulisha akili ya kadhi asiweze kupima sawasawa. Basi wakakiunganisha nayo kila kiletacho hali hiyo: njaa kali, kiu, shibe iliyopita kiasi, usingizi, maradhi yenye maumivu, huzuni nyingi na khofu. Imam Nawawi katika Minhaj amelikusanya kwa kutaja hasira, na njaa na shibe zilizozidi, na kila hali iharibuyo tabia ya kadhi. Akalihesabu kuwa ni makuruhu kuhukumu ndani ya hali hizo. Na Sayyidna Umar (r.a.), katika waraka wake mashuhuri kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), alimwonya na hasira, na wasiwasi, na dhajari, yaani kule kuchoshwa na watu hata mtu akawaona wenye shida zao kuwa ni udhia.

Fikiri juu ya neno hilo la mwisho. Zaidi ya miaka 1,300 kabla ya matabibu kuandika kuwa moyo wa mchovu hujitenga na kazi yake, khalifa wa Waislamu alikwisha kulihesabu kuwa ni khatari kwa haki za watu. Kadhi hakukatazwa kuhukumu katika hali ile kwa ajili ya kumwonea huruma yeye tu. Alikatazwa kwa sababu wawili waliosimama mbele yake wana haki ya kupata akili yake yote. Kupumzika kwa kadhi, basi, ni katika haki za wenye mashauri.

WAKILI NI MWENYE AMANA

Huenda mtu akasema: hayo ni ya kadhi, wakili hahukumu. Ni kweli. Lakini kadhi huhukumu kwa yale yaliyowekwa mbele yake, na mwenye kuyaweka ni wakili. Atiaye nafaka katika mizani akimwaga nusu njiani, macho mazuri ya mwenye kuitazama mizani hayatamfaa mwenye nafaka.

Na hapa ndipo wakili yule aliponieleza jambo lililomleta kwangu. Mwanamke mmoja mjane wa mwambao wa ziwa alinyang'anywa na shemeji zake shamba alilolima na marehemu mumewe. Akashindwa katika baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Sheria humpa mtu siku 45 kupeleka rufaa Mahakama Kuu, naye alimwendea wakili mapema, zikiwa zimepita siku 10 tu, akampa karatasi zake zote na sehemu ya ada. Wakili akamwahidi. Faili likawekwa juu ya meza. Juu yake likaja jingine, na juu ya hilo jingine. Akalikumbuka usiku wa siku ya 52. Sheria yamruhusu mtu kuomba aongezewe muda, lakini hana budi aonyeshe sababu ya kutosha. Na sababu hapa ni ipi? Kwamba wakili alichoka? Bibi yule hakuchelewa hata siku moja. Ombi lingali mbele ya mahakama, na shamba lingali mikononi mwa mashemeji.

Sasa tutazame mlango wa wakala katika fiqhi. Wanavyuoni wetu wamesema kuwa wakili ni mwenye kuaminiwa. Kilichoharibika mkononi mwake pasina kosa lake, hakilipi. Na kilichoharibika kwa uzembe wake au kwa kuvuka mpaka, kiko juu yake. Basi uchovu ni upande gani? Nionavyo mimi, uchovu uliomjia mtu ghafula, kama maradhi yamjiavyo, ni udhuru. Ama uchovu alioujua, akauficha, na huku akaendelea kupokea amana mpya juu ya zile zilizomshinda, huo ndio uzembe wenyewe. Kosa la wakili katika shauri la mjane halikufanyika siku ya 45. Lilifanyika siku ile ya 10, aliposema “Nitaifanya” naye akijua kuwa hawezi.

Wanavyuoni wamesema tena kuwa wakili hana ruhusa ya kumweka mwingine mahali pake bila idhini ya aliyempa kazi; lakini ikiwa kazi ni nyingi hata asiweze kuitimiza yote, yafaa awakilishe mwingine kwa ile iliyozidi uwezo wake. Tazama hekima ya watu wale. Hawakumwambia wakili asilale. Walikiri kuwa uwezo wa mtu una mpaka, wakafungua mlango mahali penye mpaka.

Wala nisijifanye mimi ni mtu aliyesalimika. Ramadhani moja nilikuwa nikisomesha watoto asubuhi, na darsa baada ya Alasiri, na tarawehe usiku. Na katikati ya hayo ukatokea msiba. Nikasalisha, nikazika, na usiku wa tatu nikaitwa kugawa mirathi. Nikatajiwa kuwa maiti ameacha mke, na mabinti wawili, na ndugu mwanamume wa baba na mama. Nikaifanya hesabu kwa mafungu 24: mke 3, mabinti 16, na ndugu 5 yaliyobaki. Nikaandika, nikatia sahihi, nikaenda kulala. Alfajiri nikakumbuka kuwa nilipoingia nyumba ile niliitikia salamu ya ajuza aliyelala chumba cha nyuma, naye ndiye mama wa maiti. Nilimpa pole kwa kinywa changu, kisha nikamfuta katika mali ya mwanawe. Haki yake ni mafungu 4, na ndugu hubakiwa na 1 tu. Waliohesabu warithi hawakumtaja, wala mimi sikuuliza. Na kuuliza ndiyo kazi yangu. Alhamdulillahi niliwahi kurudi kabla mali haijagawanywa. Lakini hesabu ile nimeisomesha miaka mingi. Sikuikosa kwa ujinga, na lau nisingekumbuka, ajuza yule angalidhulumiwa na mwalimu wa mirathi.

PINGAMIZI LAKE

Nilipomweleza haya, wakili hakukubali upesi, naye ana akili ya ushindani kama wenziwe wote. Akasema: “Maalim, mbona mwasema kuwa fardhi ya kutosheleza, ikiwa mahali hapana aiwezaye ila mtu mmoja, humgeukia yeye kuwa fardhi ya lazima? Huku kwetu mawakili ni wachache. Na mbona imesimuliwa kuwa Umar bin Abdulaziz, aliposhika ukhalifa, alitaka kujilaza kidogo kabla ya Adhuhuri kwa uchovu, na mwanawe Abdulmalik akamuuliza ni nani aliyemdhamini kuishi hata Adhuhuri, ilhali dhuluma za watu hazijarudishwa? Naye akainuka asilale.”

Pingamizi hili lina nguvu, wala si vyema kulipita kwa haraka.

Neno lake la kwanza ni sahihi. Ndivyo wasemavyo wanavyuoni katika mlango wa ukadhi, na sioni kuwa utetezi wa aliyedhulumiwa uko mbali nao. Lakini fardhi ya lazima haizidi uwezo, na Mwenyezi Mungu ametujulisha mwishoni mwa Sura ya Baqara kuwa haikalifishi nafsi ila iwezayo. Asiyeweza kusimama husali ameketi, na sala yake ni timamu. Mfano wake ni mtu mwenye mtumbwi wa kubeba abiria wanne, akawaona watu kumi wanazama ziwani. Fardhi imemgeukia, hapana shaka. Lakini akiwapakia wote kumi kwa huruma, watazama wote, naye atakuwa wa kumi na moja. Fardhi yake ni kuwachukua wanne, kuwafikisha, na kurudi. Na katika kuchagua ni nani atangulie, amtazame aliye karibu zaidi na kuzama: yule ambaye muda wake u karibu kwisha, na yule asiye na mwingine. Ama mwenye mali awezaye kumwita wakili kutoka Songea au Dar es Salaam, huyo ameshika ubao.

Ama kisa cha Umar bin Abdulaziz, ndani yake mna jambo la kupambanua. Dhuluma zile zilikuwa mikononi mwa watawala wenyewe, na yeye sasa ndiye mtawala. Alikuwa kama mdaiwa mwenye mali ya watu nyumbani kwake, na mdaiwa hapumziki kabla ya kulipa. Kurudisha alichokishika mwenyewe hakuhitaji utulivu wa kupima maneno ya wagomvi wawili. Na huyo huyo Umar imesimuliwa kuwa alimwambia mwanawe huyo huyo kwamba nafsi yake ni kipando chake, na asipokitendea kwa upole hakitamfikisha. Basi khabari hizi mbili zishikwe pamoja. Deni lililo juu yako, lilipe leo. Na mjane wa siku ya 52 ni deni, shauri lake litangulie yote. Lakini usipokee deni jipya juu ya kipando kilicholala chini.

FARDHI YA WOTE

Sasa twaja kwenye mlango ambao wengi wetu hatupendi kuufungua. Ikiwa wakili akikataa kwa haki, na aliyedhulumiwa akabaki bila mtetezi, dhambi iko kwa nani? Jawabu la fiqhi ni wazi: fardhi ya kutosheleza ikiachwa, hupata dhambi kila aliyeweza kuisimamisha asiisimamishe. Basi imetoka juu ya meza ya wakili, imekuja kuketi katika safu zetu msikitini.

Tazama mlima wa Matengo. Wazee wa nchi hii, Wamatengo, walikuta milima mikali ambayo mvua huiteremsha udongo wake wote bondeni. Wakachimba ngoro, mashimo mengi yaliyopangwa bega kwa bega juu ya mteremko, na kuta zake zimefukiwa majani. Shimo moja haliwezi kuzuia maji ya mlima mzima. Likijaribu litavunjika, na udongo wake utakwenda na maji. Yamezuia kwa kuwa ni mengi, na kila moja limepewa kiasi chake. Nasi katika mambo ya haki tumechimba shimo moja, kisha twastaajabu linapobomoka.

Mashauri mengi yanayomwangukia wakili hayakuwa na haja ya kumfikia. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Baqara ametuamrisha kuandika madeni na kushuhudisha, na aya hiyo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Nasi twauziana shamba la kahawa kwa kupeana mikono, kisha watoto wetu hupelekana barazani. Katika Sura ya Nisaa ametuonyesha kuweka mwamuzi wa upande wa mume na mwamuzi wa upande wa mke kabla ndoa haijavunjika. Nasi wazee twakaa kimya kwa kuogopa lawama. Mtu huishi miaka 70 bila kuandika wasia, akawaachia wanawe ugomvi. Kila karatasi isiyoandikwa na kila sulhu isiyosimamishwa huishia mlangoni kwa wakili.

Na milango mingine imefunguliwa katika nchi yetu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Hao hawasimami mahakamani badala ya wakili, lakini humwelekeza mtu, humfundisha haki zake na kumwonya juu ya muda. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya mahakama zetu. Basi kijana aliyesoma, katika kila msikiti na kila kanisa, aweza kujifunza kumsomea mjane karatasi yake na kumwambia: siku zako ni hizi. Ndugu zetu Wakristo, ambao ni wengi katika wilaya zetu za Mbinga na Nyasa, wanacho katika kitabu chao kisa cha Nabii Musa aliyekuwa akiketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Mkwewe akamwonya kuwa atajichosha yeye na watu wake, na akamshauri aweke waamuzi kwa mashauri madogo. Tukikutana nao katika jambo hili, ni kheri kwa wote.

Na wewe mwenye shauri, una adabu zinazokupasa. Usimfiche wakili wako jambo linalokudhuru, akaja kulisikia kwa adui yako. Usimwendee siku ya mwisho ukamtaka muujiza. Usimpigie simu usiku wa manane kumuuliza lile alilokujibu adhuhuri. Mlipe ujira wake. Na akikwambia kuwa hawezi, usimtukane; shukuru kuwa amekwambia kweli ungali na siku mkononi.

Ama wakili mzoefu, juu yake kuna fardhi aliyoisahau kwa wingi wa kazi, nayo ni kufundisha. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hata alipofariki mwaka 1947, na pamoja na ukadhi alikuwa mwandishi na mwalimu. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, baadaye alikuja kushika kiti kile kile. Anayefundisha huona kuwa amezidishiwa kazi mwaka wa kwanza. Mwaka wa tano huona kuwa amepata mikono miwili mingine. Wakili aliyekaa miaka 20 asiache nyuma yake hata kijana mmoja, wingi wa watu mlangoni kwake sehemu yake ameuleta mwenyewe.

JAWABU

Basi jawabu langu kwa ndugu yangu, kwa mukhtasari, ni hili.

Kumkataa aliyedhulumiwa hali una uwezo wa kumtetea, na huna udhuru, wala hapana mwingine, ni dhambi. Kumpokea hali unajua kuwa huwezi, ni khiyana. Nayo ni mbaya zaidi, kwa kuwa aliyekataliwa hutafuta mlango mwingine, na aliyepokelewa huenda akalala kwa amani huku siku zake zikimwishia. Yamalize madeni yaliyo juu yako kabla ya kupokea mengine. Usipokee ila kadiri unayoweza kuisimamia kwa akili nzima. Unayemkataa, mkatae siku ya kwanza, umwandikie katika karatasi tarehe ya mwisho ya shauri lake, na umwonyeshe pa kwenda. Na usiku uachie kazi yake, kwani Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nabaa ameufanya kuwa vazi, na usingizi kuwa mapumziko.

Kumbuka pia kisa cha Salman na Abu Dardai (r.a.). Salman alimkuta mke wa nduguye amejiacha bila pambo, akajua kuwa mumewe ameshughulika na saumu na ibada hata amemsahau. Akamfundisha kuwa Mola wake ana haki, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, ampe kila mwenye haki haki yake, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha. Ikiwa ibada yenyewe iliwekewa mpaka kwa ajili ya mke, mafaili yatapita wapi?

Na lililobaki ni baina yako na nafsi yako. Nilimuuliza, nami nawauliza wote wenye hali yake: unapoogopa kusema kuwa huwezi, ni huruma tu inayokuzuia? Au mna ndani yake kitu kidogo cha ada, na kingine kidogo cha kupenda kuambiwa kuwa bila wewe hapana mwingine? Aliinama kitambo, kisha akasema: “Vyote vitatu, Maalim.” Nikampenda kwa ukweli wake. Nikamkumbusha kuwa Al-Wakil ni katika majina mazuri ya Mwenyezi Mungu. Yeye ndiye anayetegemewa na viumbe vyote wala hachoki, wala hashikwi na usingizi. Sisi tumeazimwa jina hilo kwa kazi ndogo ya siku chache. Na mwenye kuazimwa jina asijidhanie kuwa ndiye Mwenyewe.

Siku ya tatu baada ya hapo alimkataa mtu kwa mara ya kwanza, mzee aliyetoka mbali. Alinieleza kuwa mzee yule hakusema neno. Aliinuka, akakunja karatasi zake, akaondoka polepole. Akaniuliza kama uchungu aliouona moyoni ni alama ya dhambi. Nikamjibu kuwa ni alama ya moyo uliorudi, maana miezi michache nyuma asingaliuona. Kisha nikamuuliza jina la kijiji cha mzee, kwa kuwa fardhi ile sasa ilikuwa imenijia mimi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape nguvu wanaosimama kwa ajili ya haki za watu, awasamehe waliyoyakosa kwa uchovu, amrudishie mjane shamba lake, na asitujaalie sisi kuwa miongoni mwa walioketi ufukweni na mitumbwi yao huku watu wakizama. Amin.